Pamba au mpira? Jino la binti yangu lilivyoharibiwa na shikamoo

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Wa rika langu, mambo. Kama kuna mtu nimemruka, ajihesabu kuwa nimemsalimia.

Nasalimia wote kwa pamoja hapa juu kwa sababu nikishaanza kuandika sitasimama kumsalimia mtu. Mkifika katikati ya uzi mtajua kwa nini nimekuwa hivi.

Haya sikusimuliwa na jirani. Yametokea kwenye mdomo wa mtoto wangu mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale pale nimemshikia sweta. Jina la kliniki sitaji. Msije PM kuniuliza, sitajibu.

Nina hasira, ila nitajitahidi niandike kwa mpangilio.

Mimi ni mzaliwa wa Hanang, nimeolewa Mbulu. Tunakaa Maretadu, tunalima mahindi na maharage kama kila mtu huku. Nina binti mmoja yuko darasa la tatu, tumwite Magda. Mama mkwe wangu anakaa Tumati. Huyu mama mkwe mshikeni vizuri, maana bila yeye huu uzi usingekuwepo.

Magda amekaa sana kwa bibi yake, na bibi amemlea kwa sheria moja: mkubwa akitokea, unaacha unachofanya, unasalimia. Siyo baadaye. Hapo hapo.

Kuwapa picha: kuna siku Magda aliteleza zizini akaanguka kifudifudi kwenye samadi. Akainuka uso wote umejaa, akamwona mzee wa kanisa anapita njiani. Akasema "shikamoo mzee," akasubiri marahaba, ndipo akaanza kulia.

Nilijivunia sana siku ile. Sasa tuendelee.

Magda akaanza kulalamika jino la nyuma, chini kulia. Akinywa chai anashika shavu. Nikamwambia apanue mdomo, nikaona kishimo cheusi katikati ya gego.

Bibi yake alipopigiwa simu akasema ling'olewe, ni la utoto, litaota jingine. Baba Magda naye, kwa kuwa mama yake ameshasema, akaona mjadala umefungwa.

Wazazi wenzangu, hapa naomba msome taratibu. Lile gego kubwa la nyuma ambalo mtoto anaota akiwa anaanza shule, SIYO la utoto. Linatokea nyuma kabisa, halisukumi jino lolote, hakuna kinachong'oka, ndiyo maana wengi hatujui kama limekuja. Tunadhani ni yale yale ya zamani. Likitoka hilo, hakuna jingine linakuja nyuma yake. Mtoto anabaki na pengo hadi anakuwa bibi.

Mimi nilijua kwa sababu nilisoma kwenye bango la ukutani siku nilipompeleka mtoto wa dada yangu hospitali. Kwa hiyo nikasema halitolewi, linazibwa. Nyumba nzima ikaniangalia kama nimekataa ubatizo.

Tukafikia makubaliano kwamba lizibwe mara moja. Likisumbua tena, linatoka, na mimi sisemi neno. Baba Magda akasema, "Umesikia mwenyewe." Nikasema nimesikia.

Kwa hiyo wakuu, hilo jino lilikuwa na nafasi moja tu.

Kwenye mji mmoja mdogo wenye mnada kuna kliniki binafsi ya meno. Chumba kimoja, mlango ni pazia. Tukaenda siku ya mnada kwa kuwa usafiri siku hiyo unapatikana. Daktari kijana, mchangamfu, kiti kizuri, taa ile ya bluu ipo. Nikaridhika.

Akasema ataziba kwa dawa ya rangi ya jino, siyo ile ya fedha. Nikauliza inawekwaje, maana mimi huwa nauliza. Akanieleza vizuri tu, sitamnyima haki yake. Anachimba uozo wote. Anapaka tindikali laini, ina rangi ya bluu, inakwangua jino lisiwe laini sana, ili gundi ishike. Anaosha, anakausha. Anapaka gundi. Anaweka dawa. Anamulika na taa, inakuwa ngumu kama jiwe.

Akaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, "Dada, siri ya hii kitu ni ukavu. Tone la mate likigusa hapo kabla sijaweka, kazi imeharibika."

Yakumbukeni hayo maneno. Mimi nayakumbuka hadi nikiwa napalilia.

Akampiga mtoto ganzi, akachimba. Akamwekea vipande vya pamba shavuni na chini ya ulimi ili kuzuia mate. Magda katulia, mdomo wazi, macho yanatazama dari. Akapaka ile ya bluu, akaosha, akabadilisha pamba, akakausha kwa upepo. Jino likawa jeupe kama chaki. Akamwambia Magda, "Safi sana. Sasa usifunge mdomo, mama."

Pazia likafunguka.

Mama mkwe. Alikuwa mnadani na kuku wake, akasikia tupo, akaja kuona kama kweli tunaziba au nimebadilisha mawazo.

Akasimama pale mlangoni na kitenge chake, anangoja. Nyie mnajua mkubwa akisimama vile anangoja nini.

Mimi nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Daktari akatoa mikono mdomoni mwa mtoto, akageuka mzima mzima, akasema, "Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba, baba. Wewe ni wa kwa nani?"

Sasa bibi wa Tumati akikuuliza wewe ni wa kwa nani, hilo siyo swali la jibu moja. Daktari akataja baba yake. Bibi akauliza babu. Akataja babu. Kumbe babu alishawahi kukaa jirani na kaka yake mama mkwe. Ikaulizwa afya ya babu. Babu alishafariki. Pole zikatolewa. Ikaulizwa mvua ya upande wao. Mvua ilikuwa ya wastani.

Muda huo wote Magda yuko kitini mdomo wazi. Kavumilia kuliko askari. Lakini kila mtu chumbani ameshasalimia isipokuwa yeye, na bibi yake akawa amemgeuzia macho.

Mtoto akaingiza vidole, akatoa pamba. Akafunga mdomo, akameza mate, akajiinua kwenye kiti. "Fikamoo bibi."

Ile ganzi, mnaelewa.

"Marahaba mjukuu wangu," bibi akasema, na uso ukamng'aa. "Huyu mtoto ana adabu hata akiwa mgonjwa." Daktari akasema kweli kabisa, watoto wa siku hizi hawako hivyo.

Ilikuwa salamu nzuri sana. Kila mtu aliridhika isipokuwa jino.

Bibi akarudi kwa kuku wake. Daktari akamrudishia Magda pamba nyingine. Nikamwambia, dokta, si ulisema mate yasiguse? Akapuliza upepo kidogo mle, akaangalia, akasema, "Haina shida."

Haina shida.

Akachukua dawa yote kama donge, akalijaza shimo zima kwa mkupuo, akashindilia, akamulika. Tukaondoka. Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe kuliko meno yote ya mtoto, inaonekana kama punje ya mchele imekwama.

Hapo nifungue mabano. Mimi ni wa Hanang, maji ya kwetu yametupaka meno rangi ya chai ya maziwa tangu utotoni, na mama mkwe huwa ananitania kwamba nikicheka ndani kunakuwa giza. Kwa hiyo aliponiona nalalamikia weupe, akasema, "Mama Magda, acha mtoto apate japo moja jeupe." Nilicheka. Siku ile nilikuwa bado nacheka. Nafunga mabano.

Tulienda kuziba wakati wa kupanda maharage. Maharage hayajatoa hata maua, Magda akaanza tena kushika shavu.

Nikarudi kwa yule daktari peke yangu kwanza, kwa heshima. Hakuinuka kitini. Akaniuliza, "Anakula pipi?" Nikasema kila mtoto anakula pipi. Akasema, "Basi ndiyo hapo, dada. Mpunguzie pipi."

Wakuu, mimi nimezaa, nimelima kwa jembe, nimesafiri nyuma ya lori la mahindi. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwenye ile sentensi.

Nikarudi. Nyumbani baba Magda akakumbusha makubaliano. Mama mkwe akapiga simu, sauti ya upole kabisa, akasema, "Mama Magda, si tulikubaliana." Ile sauti ya upole ni mbaya kuliko kugombezwa.

Nikawaambia sawa, linatoka. Lakini litatolewa hospitali, Haydom, siyo mtaani. Nilichokuwa natafuta ni daktari mwingine alitazame kabla halijatoka. Mama mkwe akasema vizuri, maana na yeye ana kliniki yake ya presha, tutaenda basi moja, ashuhudie.

Kwenye basi la Haydom kila mtu anajua kila mtu anaenda kufanya nini. Mzee wa kiti cha mbele akamuuliza Magda anaumwa nini. Magda akasema shikamoo kwanza, halafu akasema jino. Mzee akasema, "Likitoka hilo, litupe juu ya bati." Mama mkwe akaitikia, "Ndiko tunaenda." Nikaangalia dirishani.

Kufika, mama mkwe akaenda foleni ya presha, sisi tukaenda meno.

Daktari wa pale ni mama wa makamo, haongei sana. Akamlaza Magda, akagonga gonga lile donge la dawa na kichuma. Akachomeka ncha pembeni, akainua kidogo tu.

Donge likatoka zima zima. Kama punje ya hindi bichi unavyoitoa na ukucha. Halikushika popote. Chini yake kulikuwa na weusi na harufu.

Akalishika na kibanio, akanionyesha. "Mama, siku wanaziba hili, mate yaliingia?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia jinsi yalivyoingia. Nesi aliyekuwa anapanga vifaa akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari hakucheka. Akauliza, "Na baada ya salamu, alipaka tena ile ya bluu? Akaosha, akakausha upya?"

Nikasema hapana. Alipuliza, akasema haina shida.

Akasema mate kuingia ni kawaida, hasa kwa watoto. Yakiingia unarudi nyuma hatua moja, unapaka upya, unaosha, unakausha, unaendelea. Ni kazi ya dakika chache tu.

Dakika chache, wakuu. Za kuuliza habari za marehemu babu zilikuwepo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata makao. Sina hasira na salamu. Sina hasira na mama mkwe, alikuja kwa mila zake, na hakuna mtu aliyemwambia kitu. Nina hasira na "haina shida" ya mtu anayejua kwamba shida ipo, halafu jino likioza anasema ni pipi.

Nikauliza, dokta, linazibika? Akalipima, akapiga picha ya mionzi, akasema shimo limekuwa kubwa ila halijafika kwenye mshipa. Linazibika, lakini hii ndiyo mara ya mwisho. Likifeli tena ni kung'oa.

Hakujua kwamba nyumbani ile mara ya mwisho ilishapita. Nikasema ziba.

Sasa nisikilizeni kwenye ulinganisho, ndiyo sababu ya kuandika.

Nilimuuliza njia zote na alinijibu bila kunipandishia sauti. Alisema kuna dawa ya kukoroga, unga na maji yake, nayo ina rangi karibu na jino. Hiyo inavumilia unyevu kidogo, inafaa sana kwa mtoto asiyetulia au sehemu isiyo na umeme, ila kwa gego la kutafunia inalika mapema kuliko ya taa. Halafu kuna ya taa, kama aliyowekewa Magda. Ina nguvu, ina rangi nzuri, lakini haina msamaha kwenye maji.

Nikauliza kuhusu donge. Akasema dawa ya kawaida ya taa inawekwa kwa tabaka nyembamba, unamulika kila tabaka, kwa sababu mwanga hauzami mbali. Ukijaza kwa mkupuo, juu panakuwa jiwe, chini panabaki uji. Nayo inasinyaa ikikauka, kwa hiyo donge kubwa linajivuta na kuachana na ukuta wa jino. Lakini akanionya nisiende kumtukana mtu kwa hilo tu, kwa sababu kuna dawa nyingine zimetengenezwa maalumu kuwekwa kwa mkupuo, na zinafanya kazi vizuri. Cha kuuliza ni dawa gani. Sikuwa nimeuliza. Siku hizi nauliza.

Na pamba je? Akasema pamba siyo dhambi. Ukiwa na mtoto mtulivu na mtu wa kukusaidia, unaziba vizuri kwa pamba. Ila pamba inategemea mtoto asifunge mdomo. Mpira hautegemei.

Mpira wenyewe ni kama karatasi laini ya mpira, ya kijani. Inatobolewa tundu, jino linachomoza pale peke yake kama kilima kwenye ukungu. Mate, ulimi, shavu, vyote vinabaki chini. Kibanio kidogo kinashika shingo ya jino.

Kabla ya kuuweka alichagua rangi kwanza, akiwa na vipande vya mfano kama vya duka la rangi za nyumba. Akasema rangi inachaguliwa jino likiwa na unyevu wake, maana likikauka linadanganya, linakuwa jeupe. Nikajua punje ya mchele ilitoka wapi.

Halafu akamwambia Magda, "Nikishaweka hii huwezi kuongea. Una mtu wa kumsalimia? Msalimie sasa hivi."

Magda akamsalimia yeye. Akamsalimia nesi. Akamsalimia mama mmoja aliyepita na ndoo. Halafu akaanza kulengwa na machozi. "Na bibi?"

Daktari akasema bibi atasalimiwa baadaye. Magda hakuamini kwamba kuna kitu kama hicho. Nikamwambia, "Mimi nitamsalimia kwa niaba yako. Lala." Nikatoka nikasimama mlangoni, nje.

Sijui kama mnaelewa uzito wa nilichoenda kufanya pale. Mimi ni mke niliyeolewa. Huku hatumzuii mama wa mume wetu mlango.

Haikupita muda, akatokea mwisho wa korido, amemaliza presha yake, anakuja kushuhudia jino likitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Limetoka?"

"Halijatoka. Linazibwa."

Akaniangalia. Kwenye mabenchi pale nje kulikuwa na watu wamejaa, na wote wakageuka kututazama.

"Tulikubaliana nini, mama Magda?"

"Tulikubaliana. Nimevunja."

Akasogea mlango. Sikusogea.

"Mama, samahani, usiingie."

"Unanizuia kwa mjukuu wangu?"

"Ukiingia atakusalimia. Akikusalimia atainuka, mate yataingia, jino litaharibika kama lile la kwanza. La kwanza liliharibika siku ile ya mnada, wakati wa salamu."

Akasema polepole, na sauti ya upole ile ile, "Kwa hiyo shikamoo yangu inaozesha meno."

Mzee mmoja wa benchini, shuka begani, fimbo katikati ya magoti, akasema, "Mimi nimesalimiwa miaka yote na meno yangu hayajafa." Mwenzake akamwambia, "Wewe unayo mawili." Benchi zima likacheka. Mama mkwe hakucheka, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania fremu ya mlango mpaka vidole vinauma.

Basi Magda akaisikia sauti ya bibi yake.

Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia nesi anasema tulia mwanangu. Halafu kutoka kule ndani, chini ya ule mpira, ikatoka sauti: "Mm-mm-MMM mm-mm."

Wote nje tuliitambua. Ile sauti ina mwendo wake.

Mama mkwe akaangalia mlango. Akafungua mdomo kama anataka kujibu, akaufunga. Akaenda kukaa mwisho wa benchi, akatugeuzia mgongo.

Walipomaliza daktari akaniita nione. Nilijua ni jino gani, lakini niliitafuta dawa yenyewe nikakaribia kuikosa. Imepandishwa tabaka kwa tabaka, hadi vile vibonde vya juu vya gego amevirudisha. Nikamuuliza, dokta, na ile salamu? Maana aliinuka, nilisikia.

Akasema, "Alisalimia vizuri tu. Mate yalibaki chini ya mpira. Jino halikuwa na habari."

Mnaona sasa. Mtoto yule yule, bibi yule yule, salamu ile ile. Tofauti ilikuwa kipande cha mpira na mtu asiyesema haina shida.

Tulipotoka Magda alienda moja kwa moja kwa bibi yake, mdomo umelala upande mmoja. Akajaribu. Kilichotoka hakikuwa neno. Mama mkwe akasema, "Sijasikia," akatangulia kwenda stendi.

Kwenye basi hakuongea na mimi mpaka tunashuka. Baba Magda alipigiwa simu kabla hatujafika nyumbani. Nilipokelewa na kesi. Sitaieleza hapa, ni ya ndani. Niseme tu kwamba niliambiwa jino likisumbua tena, hata kidogo, sitakuwa nimepoteza jino tu. Nitakuwa nimemvunjia heshima mama mbele ya benchi zima la watu bila sababu.

Kwa hiyo nikaanza kuishi kwa kuangalia mtoto anavyotafuna.

Katikati ya hapo siku moja ya mnada nikapita kliniki ile. Nikafungua pazia. Alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo nikasubiri amalize, mimi siyo mshenzi. Nikamwambia kilichoonekana, bila matusi. Akanisikiliza, halafu akasema, "Dada, sasa ulitaka nimkataze mtoto asimsalimie bibi yake? Mimi mwenyewe ningeanzaje kumwambia mama mzima atoke?"

Nikamwambia, hukutakiwa kumkataza mtu. Salimia, itikia, uliza hadi mvua. Halafu paka upya. Ungepaka upya tu.

Akaangalia sakafu. Akasema siku ile foleni ilikuwa ndefu.

Nikaondoka. Sijui kama atabadilika. Niliona ameweka kiti nje ya pazia, labda ni kitu, labda ni kiti tu.

Maharage tukavuna. Mahindi yakafika ya kuchoma. Jino kimya. Chai ya moto kimya, maji ya baridi kimya.

Shule zilipofunga tukaenda Tumati. Sikutaka kwenda, ila huwezi kukaa bila kwenda. Mama mkwe alikuwa uani anachoma mahindi. Nikasalimia, akaitikia kwa wajibu tu. Magda akakimbia mbele yangu, akasimama wima, "Shikamoo bibi."

Bibi yake hakuitikia.

Wakuu, moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Nikajua kesi imehamia kwa mtoto. Magda mwenyewe alibaki amesimama, hajui afanye nini na mikono, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusema hilo neno akakosa jibu.

Mama mkwe akafuta mikono kwenye kitenge. Akamshika mtoto kidevu, akamgeuzia kwenye jua.

"Panua kwanza nione."

Magda akapanua. Bibi akainama, akachungulia kulia chini, akachungulia kushoto, akarudi kulia. Akaingiza kidole, akabonyeza. "Ni lipi?" Magda akaonyesha. Akaangalia tena. "Huna uongo? Linauma nikifanya hivi?" Magda akatikisa kichwa.

Akachukua hindi lililoiva zaidi, lile gumu, akampa. "Tafunia upande huo."

Mtoto akatafuna. Sisi wote tukasikiliza akitafuna. Akameza.

"Marahaba mjukuu wangu," akasema bibi.

Halafu bila kunigeukia akasema, "Mama Magda, chukua na wewe hindi, unasimama kama mgeni."

Msamaha mwingine sijaupata na siutegemei. Lakini wiki iliyopita nimesikia kutoka kwa jirani wa Tumati kwamba kuna mtoto alikuwa anapelekwa kuziba jino, na mama mkwe alimsindikiza hadi kituo cha basi, akawaambia wazazi wa mtoto kwa ukali kabisa: msalimieni kila mtu kabla ya pamba, na mkubwa akija katikati mwambieni akae nje, hata kama ni mimi.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki. Salamu weka zote kwa mkupuo, mwanzoni. Dawa weka kwa tabaka, na ukiambiwa ni ya mkupuo uliza ni ipi. Uliza kama wana mpira. Kama hawana, siyo lazima ukimbie, ila simama hapo na uangalie pamba kama unavyoangalia maziwa jikoni. Mate yakiingia, sema arudie. Akikuambia haina shida, mwambie kuna mama wa Maretadu kasema ipo.

Wale wa "ungeng'oa tu, jino moja tu" nimeshawajibu, rudini juu msome kuhusu gego.

Madaktari wa meno mliomo humu, kama kuna mahali nimeeleza vibaya nirekebisheni, sitanuna. Na wazazi ambao watoto wenu wamezibwa, ilikaa muda gani, na aliyeziba aliwaeleza nini? Karibuni mtiririke. Salamu msihangaike nazo, nimeshazipokea.